Namba zilizomo ndani ya simu yako: ipi uitunze, ipi uifute, ipi haiko mikononi mwako

Shika simu yako, fungua mahali pa kupigia, andika *#06#. Huhitaji kubonyeza kitufe cha kijani. Ukimaliza alama ya mwisho tu, kioo kitaleta namba ndefu ya tarakimu 15, na simu ya laini mbili italeta mbili. Hiyo ndiyo IMEI. Wengi hapa Kigoma wanaijua kwa jina kwa sababu mwaka 2016 ilizima simu za watu mifukoni. Lakini haiko peke yake. Simu janja inabeba namba kadhaa za kuitambulisha, kila moja ina wasomaji wake, na ninachokiona kwenye meza ya ufundi ni watu kuhangaika na namba isiyowadhuru huku ile inayowauza wameiacha wazi. Mtu amebandika karatasi kwenye kamera ya mbele, ila kitambulisho chake cha matangazo hajawahi kukigusa tangu anunue simu.

Kwa hiyo tutazipitia moja moja, na kwenye kila moja nitasema nani anaisoma na wewe ufanye nini. Nyingine zitachukua mistari michache tu. Ile ya matangazo na ile ya ruhusa za programu zitachukua muda, maana huko ndiko kwenye kazi.

IMEI: ya kutunza

IMEI ni ya chombo, si ya mtu wala ya laini. Tarakimu 8 za kwanza zinataja aina na toleo la simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja tu, na ya mwisho ni ya kuhakiki hizo nyingine. Simu inapojiunga na mnara, mtandao unaiona IMEI pamoja na laini iliyomo. Ndiyo maana usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweza kuzifungia simu bandia nchi nzima bila kumgusa mtu mkononi: IMEI zake hazikutambulika.

Ukinunua simu iliyotumika pale Mwanga, au ukiletewa na mtu kutoka ng'ambo ya ziwa, fanya haya kabla hujatoa hela.

Kwanza, linganisha IMEI ya *#06# na ile iliyoko kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kisha na ile ya kwenye boksi kama boksi lipo. Zisipofanana, acha.

Pili, itume IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu. Umeshika Tecno mkononi na jibu linataja Samsung? Mrudishie mwenye mali.

Tatu, kama una dakika mbili na karatasi, ihakiki mwenyewe. Chukua 490154203237518, namba inayotumika sana kufundishia. Weka pembeni ile 8 ya mwisho. Katika zilizobaki, kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo mpaka ya kumi na nne. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe: 9 mara mbili ni 18, yaani 1 na 8, inakuwa 9. Utapata 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Tarakimu ambazo hukuzizidisha ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22. Ukiunganisha ni 52. Ili ifike kumi kamili inayofuata, yaani 60, inapungua 8, na 8 ndiyo ile tuliyoiweka pembeni. Namba ya kubuniwa mara nyingi inaangukia hapo. Ikifaulu hesabu haimaanishi simu ni halali, maana mjanja anaweza kunakili IMEI ya simu ya kweli. Lakini ikifeli, hakuna maelezo ya muuzaji yatakayoiokoa.

Akitokea fundi wa kukwambia "tutaibadilisha IMEI, itashika tu," mkatalie. Kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kosa haliishii kwa fundi.

Je, programu za kawaida zinaisoma? Kuanzia Android 10, iliyotoka 2019, programu unayoipakua mwenyewe hairuhusiwi kuisoma IMEI wala namba ya kiwandani ya simu. Kwenye iPhone mlango huo ulifungwa zamani zaidi. Ila simu zenye Android 9 kushuka chini bado zimejaa mtaani, na humo programu ikishapewa ruhusa ya "Simu" inaweza kuisoma. Angalia toleo lako kwenye Kuhusu simu. Kama ni la zamani, ruhusa ya Simu iachie programu ya kupigia tu na nyingine chache unazoziamini.

Iandike IMEI yako kwenye daftari linalokaa nyumbani. Simu ikiibiwa, ndiyo utakayoipeleka polisi ukapate RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, na ndiyo mtandao wako utakayoihitaji kuifungia. Na ukitangaza simu ya kuuza kwenye magrupu ya WhatsApp, usipige picha kioo chenye IMEI ukaisambaza. Mnunuzi mwenye nia ataiona akija.

Namba za laini

Laini nayo ina zake. Ile ndefu iliyochapwa juu ya kadi, inayoanza na 89, ni namba ya kadi yenyewe. Ndani kuna nyingine usiyoiona, IMSI, ambayo kwa laini za Tanzania inaanza na 640. Ya Burundi inaanza na 642 na ya Kongo na 630. Mtandao unaitambua laini yako kwa namba hiyo, hata simu ikipanda mpaka Manyovu, mpakani na Burundi, ikanasa mnara wa upande wa pili, na hapo ndipo bando linapokwama au salio linapokatwa kwa bei ya ugenini. Ukiwa mpakani, zima kwanza data ya ugenini (roaming) kwenye mipangilio ya mtandao wa simu.

Hapa kuna dhana ya kuiondoa. Kubadili laini ndani ya simu ileile hakumfichi mtu kwa mtandao wake, kwa sababu laini mpya inaonekana ikiwa juu ya IMEI ya zamani. Kubadili simu na kubaki na laini vilevile. Namba hizi mbili zinatajana. Na laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole tangu zoezi lililoanza Mei 2019, kwa hiyo mtandao unajua laini ni ya nani na iko karibu na mnara upi. Hilo halizimwi na programu yoyote, na atakayekuuzia programu ya kulizima anakuibia. Ugomvi wako wa faragha uko kwingine.

Kitu kimoja tu cha kufanya hapa, na kifanye leo: piga *106#, uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wasajili wa miamvuli wakati mwingine wanamwambia mtu "weka tena kidole, haijasoma," na kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako uikane. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalotokea ni lako.

Kitambulisho cha matangazo: cha kufuta

Sasa tumefika penyewe. Kuna namba ambayo haikuwekwa kwa ajili ya simu ifanye kazi, wala kwa ajili ya mtandao, wala polisi. Imewekwa ili wauza matangazo wakutambue kutoka programu moja hadi nyingine. Apple waliianzisha mwaka 2012 na Google mwaka 2013, wakiitoa badala ya namba za kudumu za chombo ambazo watangazaji walikuwa wanazitumia. Ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu 32 zilizogawanywa kwa vistari. Hauna jina lako wala namba yako ya simu, na hiyo ndiyo hoja ya utetezi wao siku zote. Lakini ni uleule kwenye programu ya redio, kwenye gemu la mtoto, kwenye programu ya mpira na kwenye ya hali ya hewa. Anayekusanya kutoka zote nne anakujua vizuri kuliko kila moja inavyokujua.

Ukifungua programu ya bure yenye matangazo, kabla tangazo halijatokea kunafanyika mnada. Programu inatuma ombi: simu ya aina hii, lugha hii, mtandao huu, mahali hapa, kitambulisho hiki. Ombi linafika kwa wanunuzi wengi kwa pamoja, wanapanga bei, mmoja anashinda, tangazo linaonekana. Yote ni ndani ya sehemu ya sekunde. Ninachotaka ukione ni kwamba aliyeshindwa mnada naye ameshaisoma barua. Hakulipa kitu, ila anajua kitambulisho fulani kilikuwa wapi saa ngapi. Akiweka kumbukumbu hizo kwa mwezi, anaona kinapolala usiku na kinaposhinda mchana. Jina halihitajiki tena.

Kwa watu wa Ujiji huu hapa mfano wa karibu. Novemba 2020 iliripotiwa kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla yenye watumiaji wengi duniani, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali watumiaji walipo kwa kampuni ya Marekani iliyoitwa X-Mode, ambayo nayo ilikuwa na wateja wenye kazi za jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano huo. X-Mode ikabadili jina kuwa Outlogic, na Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaipiga marufuku kuuza taarifa za mahali nyeti. Aliyeiweka programu ile hakukosea kitu. Kibla kinahitaji mahali, akaruhusu mahali. Hakuambiwa kwamba ruhusa ya kibla ingesafiri mpaka huko.

Kukifuta kwenye Android kuna hatua chache. Ingia Mipangilio, chagua Google, kwenye matoleo mapya bonyeza Huduma zote, kisha Matangazo, halafu futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye baadhi ya simu njia ni Usalama na faragha, Faragha, Matangazo. Watengenezaji wanapenda kuhamisha vitu, kwa hiyo mkato ni huu: juu ya Mipangilio kuna kisanduku cha kutafutia, andika Matangazo, au Ads kama simu yako iko kwa Kiingereza. Ukishafuta, programu inayokiomba inapewa sifuri tupu. Uwezo huu ulianza na Android 12 mwishoni mwa 2021, ukaenea kwenye simu nyingine zenye Play Store mwaka 2022. Ukikuta simu ya zamani inakupa kukibadilisha tu bila kukifuta, kibadilishe, washa na kile kitufe cha kukataa matangazo yanayokufuata, na urudie mara moja moja.

Kwenye iPhone ingia Mipangilio, Faragha na Usalama, Ufuatiliaji, uzime ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Kuanzia iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu haipati kitambulisho hicho mpaka ukubali. Ukizima hapo juu, umezikatalia zote bila kuulizwa tena.

Matangazo hayataisha. Yatakuja ya jumla jumla, na ndivyo inavyotakiwa.

Simu nyingi za mkoa huu ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya China. Zinakuja na programu zake tangu kiwandani, kama kivinjari cha Phoenix na duka la Palm Store. Zipitie nazo: bonyeza programu kwa muda, ingia kwenye taarifa zake, zima arifa, ondoa ruhusa ya mahali na ya majina ya simu. Usizozitumia, zizime kabisa pale panaporuhusu.

Kuna swali linalokuja kwangu karibu kila wiki, na mara ya mwisho aliyeleta ni mama mmoja anayeuza mawese:

"Mwanangu, hii simu si ya mchezo. Nimeongea na baba yenu habari za sola, jioni kioo kizima sola."

"Pole mama. Hapo nyumbani nani mwingine alikuwa anatafuta sola kwenye simu?"

"Kaka yako mdogo, ndiye aliyetuambia bei."

"Na intaneti mnatumia hotspoti yake?"

"Ya nani tena, na bando linavyopanda!"

Basi jibu ni hilo. Simu mbili zikitokea kwenye anwani moja ya intaneti kila jioni, watangazaji wanazihesabu kuwa nyumba moja, na alichotafuta mmoja anaonyeshwa mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, mwaka 2018 walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android na hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kimyakimya na kutuma sauti. Walichokikuta ni baadhi kurekodi kioo na kukituma kwa watu wengine, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analiogopa. Kama bado una wasiwasi na maikrofoni, kuanzia Android 12 na iOS 14 alama ndogo huwaka pembeni ya kioo inapotumika: ya kijani kwenye Android, ya rangi ya chungwa kwenye iPhone. Angalia hiyo, acha kunong'ona jikoni.

Ruhusa, na mikopo ya kwenye simu

Kitambulisho umekifuta, lakini programu iliyoruhusiwa kuona mahali ulipo na majina ya simu haikihitaji sana. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha kidhibiti cha ruhusa. Usianze na programu, anza na ruhusa. Fungua Mahali, utaona zilizoruhusiwa muda wote, zilizoruhusiwa zikiwa zinatumika, na zilizokataliwa. Kundi la muda wote linatakiwa liwe tupu, isipokuwa ile huduma ya kutafuta simu ikipotea. Ramani na usafiri ziwe wakati wa kutumika tu. Hali ya hewa, nyakati za swala na mpira zizimie mahali kamili, ziachie makadirio. Kigoma ni Kigoma, magharibi inaingia wakati uleule ukiwa Gungu au Kibirizi. Tochi, kikokotoo na gemu, kataa moja kwa moja.

Ukiwa hapo hapo kwenye Mahali, shuka kwenye huduma za mahali uzime utafutaji wa waifai na wa bluututhi. Hizo zinaiwezesha simu kunusa mitandao ya jirani ili ijue ilipo hata kama waifai umeizima.

Kuna dalili ndogo ninayoipenda. Bando la simu mara nyingi huonekana mtandaoni kama liko Dar es Salaam, kwa kuwa njia ya kutokea ya mitandao iko huko. Ndiyo maana unakaa zako Katonga unaletewa tangazo la mgahawa wa Mikocheni. Siku matangazo yakianza kuitaja Kigoma kwa jina, kuna programu imesema ulipo. Rudi kwenye orodha uitafute.

Halafu majina ya simu, ujumbe mfupi na picha. Hapa ndipo mikopo ya kwenye simu imewaumiza watu. Mtu anapakua programu, inaahidi elfu hamsini ndani ya dakika tano, inaomba majina, ujumbe na mahali. Anakubali yote kwa haraka ya shida. Akichelewa siku mbili, wakwe, mwalimu wa mtoto na mwenyekiti wa mtaa wanapokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Programu haikuhitaji akili nyingi, ilipewa daftari lote la majina siku ya kwanza. Mwaka 2023 Play Store ilizikataza programu za mikopo kufikia majina na picha za mtumiaji. Kwa hiyo inayokutumia faili la kupakua kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya Play Store, ina sababu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni.

Kama tayari unayo, usianze kwa kuiondoa. Anza kwa kuinyang'anya ruhusa zote, piga picha ya kioo masharti na deni lako, kisha iondoe. Majina yaliyokwisha kutumwa hayarudi, lakini mapya hayatakwenda. Vitisho vikija, vihifadhi, usivifute, hivyo ndivyo ushahidi. Ujumbe wa kitapeli wa kawaida, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii," upeleke 15040.

Sheria iko upande wako kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kupokea malalamiko. Una haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kutaka zirekebishwe, na kukataa zisitumike kukutangazia biashara.

Waifai, bluututhi na jina la hotspoti

Haya ni mafupi. Kila simu ina anwani ya waifai ya herufi na tarakimu 12, na zamani ilikuwa inaitangaza hewani kila ilipopita. Kuanzia Android 10 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu inatoa anwani ya kubuni kwa kila waifai. Hakikisha tu: fungua taarifa za waifai ya gesti au ofisini ulikojiunga, sehemu ya faragha ichague anwani ya nasibu, si ya chombo.

Jina la hotspoti ndilo linalosahaulika. Ukiwa ndani ya treni au kwenye boti, washa waifai usome majina yanayopita: jina la mtu, la ukoo, hata namba ya simu. Badilisha jina la hotspoti na la bluututhi liwe neno lisilokutaja. Bluututhi izime ukimaliza kuitumia.

Namba yako ya simu

Ukishafuta vyote hivyo, bado umebaki na kitambulisho kikubwa kuliko vyote, ambacho unakitoa mwenyewe kwa mdomo. Kwa nchi yetu, mwenye namba yako ya simu akianza kukutumia pesa anaona jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha. Namba ni jina. Unapojaza fomu ya bahati nasibu ya duka, unapojiunga na grupu la WhatsApp la watu mia nane, unapoingia kwenye programu kwa namba, umewapa kitu ambacho hakifutiki kwa kubonyeza.

Ukiweza, weka laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lako vilevile, kwa ajili ya biashara na magrupu, na ya kwanza ibaki ya benki na familia. Kwenye WhatsApp ingia Faragha, picha ya wasifu na mara ya mwisho kuonekana viwe kwa majina yako tu, na kwenye Magrupu ukataze usiowajua kukuingiza. Kwenye akaunti ya Google fungua sehemu ya Data na faragha, uzime historia ya mahali, siku hizi inaitwa Timeline, na ufute iliyokwisha kukusanywa.

Picha nazo: kamera ikiruhusiwa mahali, inaandika ndani ya picha ilipopigwa. WhatsApp inaondoa maandishi hayo ukituma kama picha, ila ukituma kama hati ili isipoteze ubora, yanakwenda yote. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Mlango mmoja wa kuzuia mengi

Hili linawafurahisha wateja kwa sababu linaokoa bando. Kila unapofungua tovuti, simu huuliza kwanza njia ya kuifikia kwa huduma iitwayo DNS. Kuanzia Android 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha, ndani ya Mtandao na intaneti. Uuchague, kwenye jina la mtoa huduma andika dns.adguard-dns.com, hifadhi. Kutoka hapo, simu ikiuliza njia ya kwenda kwa seva nyingi za matangazo na za wafuatiliaji inajibiwa kwamba hazipo. Picha na video za matangazo hazishuki, MB zinabaki. Waifai nyingine za gesti zenye ukurasa wa kuingilia zinaweza kugoma. Ikitokea, rudisha kwenye hali ya kujiendesha, ingia, kisha uweke tena. Ujue pia kwamba majina ya tovuti unazotembelea sasa yanaulizwa kwa AdGuard, kampuni yenye DNS hiyo, badala ya mtandao wako. Mimi naona biashara hiyo ina faida, mwingine anaweza kuona vingine.

VPN za bure, zile programu zinazopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, sizishauri. Nyingi zinaishi kwa kuuza zilichokiona, na mwaka 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN nchini watoe taarifa zao.

Siku ya kuiuza

Anza kwa kutoa laini na kadi ya kumbukumbu. Hakikisha picha na majina yamehifadhiwa kwingine. Kisha ingia Mipangilio, Akaunti, uondoe akaunti ya Google, na kwenye iPhone utoke kwenye akaunti ya Apple na uzime huduma ya kutafuta simu. Hapo ndipo ufute data zote. Ukiruka hatua ya akaunti ukafuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, simu itamtaka mnunuzi neno lako la siri, naye atarudi dukani amekasirika au atakwenda kwa fundi wa kuvunja kufuli. Kufuta huku kunabadilisha pia kitambulisho cha Android, namba nyingine ambayo programu huitumia kuitambua simu; tangu Android 8 kila programu hupewa ya kwake.

IMEI haifutiki, inaondoka na simu. Kwa hiyo mkabidhiane kwa maandishi: tarehe, aina ya simu, IMEI zote mbili, majina na saini za wote, na namba ya kitambulisho cha mnunuzi. Nakala moja kwake, moja kwako, na yako iweke kwenye lile daftari la nyumbani. Simu hiyo ikitumika vibaya mwezi ujao, polisi wakaifuata IMEI mpaka mlangoni kwako, karatasi hiyo ndiyo utakayowapa.